RAV4 au Escudo? Hesabu za kufanya kabla ya kununua gari la mjini na shambani

KWA miaka mingi mkazi wa Dodoma aliyetaka gari la kwenda nalo kazini na shambani hakuwa na maswali mengi. Mwenye uwezo alinunua pikapu au Land Rover kuukuu, asiye na uwezo alipanda basi, akakodi trekta wakati wa mavuno. Baadaye yakaja magari madogo yaliyoinuka kutoka Japan, yaliyokwisha kutumika, na leo mfanyakazi wa kawaida mwenye shamba la zabibu Hombolo, alizeti Kongwa au mpunga Bahi naye anaweza kufikiria kumiliki gari lenye uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne.

Kati ya magari hayo, mawili hutajwa kila mara: Toyota RAV4 na Suzuki Escudo, ambayo nje ya Japan hujulikana zaidi kama Grand Vitara. Ukiyatazama kwa mbali yanafanana kimo, idadi ya viti na hata ukubwa wa injini. Hata hivyo, chini ya bodi ni magari mawili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoweza kumpatia mkulima faida au kula mavuno yake ya msimu mzima.

Chukulia mfano wa bwana na bibi ambao wapo wengi wa aina yao mkoani hapa. Mke ni muuguzi mjini, mume analima zabibu kijijini, kilomita 40 kutoka nyumbani, na kilomita 12 za mwisho ni barabara ya udongo. Wana Sh15 milioni, nusu akiba na nusu mkopo wa SACCOS utakaokatwa kwenye mshahara wa mke kwa miaka mitatu. Mume anataka Escudo kwa sababu ya shamba. Mke anataka RAV4 kwa sababu ya mafuta na spea. Wote wana hoja, na wote wanaweza kukosea wasipokaa chini na kalamu.

Magari mawili, asili mbili

RAV4 ilianza kuuzwa mwaka 1994. Watengenezaji wake walichukua msingi wa magari madogo ya saluni, wakauinua, wakaongeza mfumo wa kuvuta kwa magurudumu manne. Bodi na chesisi ni kitu kimoja, na injini imelazwa kwa upana kama ilivyo kwenye Corolla. Matokeo yake ni gari jepesi, tulivu barabarani na lisilomchosha dereva katika safari ndefu ya lami.

Escudo ni ya zamani zaidi, ilianza mwaka 1988, na asili yake ni magari ya porini. Toleo la pili, lililoanza mwaka 1997, lina chesisi yake ya chuma iliyojitenga na bodi, kama pikapu. Toleo la tatu, la mwaka 2005, chesisi hiyo imeunganishwa ndani ya bodi. Katika matoleo yote hayo injini imekaa kwa urefu na nguvu yake ya msingi huenda magurudumu ya nyuma.

Jambo kubwa zaidi ni gia. Escudo nyingi zinazovuta kwa magurudumu manne zina gia nzito ya ziada ambayo huongeza nguvu ya magurudumu karibu mara mbili huku gari likienda polepole. RAV4 haina gia hiyo katika toleo lolote. Kwenye lami tofauti hii haionekani kabisa. Kwenye korongo la mchanga au tope la mbuga, gari lenye gia nzito hutambaa taratibu bila kuzungusha magurudumu ovyo, wakati RAV4 hulazimika kuingia kwa kasi na dereva kuomba Mungu.

Hii haina maana kwamba RAV4 ni dhaifu. RAV4 ya toleo la pili, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000, ikiwa ni ile ya magurudumu manne, huvuta kwa yote wakati wote bila dereva kubonyeza chochote. Kwa barabara ya vumbi, changarawe na tope la juujuu, hiyo inatosha. Escudo ya toleo la pili, kwa upande wake, huvuta kwa magurudumu ya nyuma tu mpaka dereva aweke gia ya magurudumu manne, na akishafika kwenye lami kavu ni lazima aitoe. Akiisahau, anaumiza giaboksi na difu. Toleo la tatu liliondoa tatizo hilo kwa kuvuta kwa magurudumu yote wakati wote.

Udongo ndio unaoamua

Barabara kuu zinazotoka Dodoma kwenda Morogoro, Singida, Iringa na Arusha zote sasa ni za lami. Kipande cha Kondoa hadi Babati, ambacho zamani kilikuwa kikilaza mabasi njiani masika, kilifunguliwa rasmi kikiwa na lami mwaka 2018. Kwa hiyo mtu ambaye shamba lake liko kando ya barabara kuu, kwa mfano maeneo ya Mpunguzi kwenye barabara ya Iringa, au mfanyabiashara anayekwenda soko la mahindi la Kibaigwa, hana sababu kubwa ya kulipia uwezo wa porini asioutumia.

Hali ni tofauti ukiacha lami. Udongo wa uwanda wa kati ni wa aina mbili kuu kwa macho ya dereva. Upo udongo wa kichanga mwekundu, ambao mvua ikikatika hukauka haraka na kupitika siku hiyo hiyo. Na upo udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa mabonde ya Bahi, ambao kiangazi hupasuka nyufa na masika hugeuka gundi. Udongo huo hujaza meno ya tairi kwa dakika chache, na tairi lililojaa tope halivuti hata kama injini ina nguvu kiasi gani.

Aidha, mito mingi ya Dodoma ni ya msimu. Miezi mingi ya mwaka ni makorongo makavu yenye mchanga mwingi, na mvua ikinyesha milimani hushuka maji kwa saa chache. Mvua zenyewe huanza kwa kawaida Desemba na kuishia Aprili. Mwaka mzima hupatikana wastani wa milimita 500 hadi 600 tu, lakini hunyesha kwa kishindo, na hunyesha katika miezi ambayo mkulima ana shughuli nyingi. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya kwanza huangukia Februari na Machi, katikati ya mvua.

Kwa sababu hiyo swali la kwanza si gari gani ni zuri. Swali ni mara ngapi kwa mwaka gari hilo litavuka mahali ambapo RAV4 itashindwa.

Kalamu na karatasi

Hesabu ifuatayo ni ya mfano, na kila mnunuzi aingize tarakimu zake. Chukulia gari litatembea kilomita 15,000 kwa mwaka na petroli ni Sh3,000 kwa lita. Bei halisi ya kikomo hutangazwa kila mwezi na EWURA kwa kila mji, na Dodoma huwa juu kidogo ya Dar es Salaam kutokana na usafirishaji.

RAV4 ya injini ya lita mbili, kwa kuwa ni nyepesi, tuseme inakwenda kilomita 10 kwa lita katika mchanganyiko wa mjini na safari. Itatumia lita 1,500, sawa na Sh4.5 milioni. Escudo ya lita mbili ni nzito zaidi na mitambo yake ya kuvuta ni mingi, tuseme inakwenda kilomita 8.5 kwa lita. Itatumia lita 1,765, sawa na takriban Sh5.3 milioni. Tofauti ni karibu Sh795,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo bei ya kumiliki gia nzito, ilipiwe hata katika miezi minane ya ukame ambayo gia hiyo haiguswi.

Sasa angalia upande wa pili. Mwenye RAV4 anaweza kuliacha gari kwenye barabara nzuri siku ya tope na kukodi trekta au pikapu ya kijijini kumalizia safari. Chukulia kukodi ni Sh60,000 kwa safari moja. Safari 13 za namna hiyo ni Sh780,000, safari 14 ni Sh840,000. Mpaka wa uamuzi, kwa tarakimu hizi, uko kati ya safari 13 na 14 kwa mwaka.

Mume wa mfano wetu akienda shambani mara tatu kwa mwezi katika miezi minne ya mvua, ni safari 12, gharama ya kukodi ni Sh720,000, na mke ameshinda: RAV4 pamoja na kukodi ni nafuu. Akienda mara mbili kwa wiki kwa wiki 17, ni safari 34, gharama inafika Sh2,040,000, na hapo Escudo inajilipa yenyewe tofauti ya mafuta na chenji inabaki. Gari ni yale yale, kijiji ni kile kile. Kilichobadilika ni idadi ya safari, na hakuna muuzaji wa magari anayeijua isipokuwa mnunuzi mwenyewe.

Yapo pia mambo yasiyoingia kwenye hesabu hii. Trekta la kukodi halipatikani usiku. Familia yenye mzee au mjamzito kijijini ina haki ya kuipa gia nzito thamani zaidi ya mafuta. Lakini thamani hiyo isemwe wazi mezani, isijifiche nyuma ya tamaa ya kuonekana na gari kubwa.

Injini, spea na mafundi

Injini za lita mbili za magari haya zote ziko chini kidogo ya sentimita za ujazo 2,000. Hilo ni muhimu kwa anayeagiza, kwa sababu katika utaratibu wa ushuru uliozoeleka nchini, gari lililovuka 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa kwa kiwango cha juu kuliko lililo chini yake. RAV4 ya toleo la tatu yenye injini ya lita 2.4 iko upande wa pili wa mstari huo, sawa na Escudo ya 2.7. Aidha, magari yenye umri mkubwa hutozwa nyongeza ya uchakavu. RAV4 zilizoanza mwaka 2000 sasa zina zaidi ya miaka 20, hivyo kuziagiza upya hakuna maana sana na wengi wanazinunua kwa watu hapa hapa. Anayeagiza gari lolote apitie kwanza kikokotoo cha ushuru cha TRA kabla ya kutuma fedha, kwani ushuru unaweza kukaribia au kuzidi bei ya gari lenyewe.

RAV4 nyingi za toleo la pili zenye magurudumu manne zina injini ya aina ya D-4, ambayo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Injini hiyo hubana mafuta ikiwa nzima, lakini pampu na nozeli zake hazitaki uchafu. Wenye kumbukumbu hawajasahau enzi za petroli kuchakachuliwa kwa mafuta ya taa, hali iliyoilazimu EWURA kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Nozeli na pampu za injini hiyo zikiharibika, bei yake si ya mchezo. Mwenye RAV4 hiyo anunue petroli vituo anavyoviamini, asikubali ya madumu, na abadilishe chujio kwa wakati.

Escudo ya lita mbili ina injini ya kawaida ambayo mafundi wengi huielewa kirahisi. Nayo hutumia mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, sawa na RAV4 ya toleo la pili. Mnyororo hudumu muda mrefu iwapo oili inabadilishwa, na huanza kupiga kelele iwapo mwenye gari ni mvivu wa oili. Kelele ya kugongagonga asubuhi injini ikiwa baridi ni dalili ya kukimbia, au ya kupunguza bei.

Kwa upande wa spea, Toyota inashinda bila ubishi. Bushi, shokomzoba na breki za RAV4 hupatikana Dodoma mjini siku hiyo hiyo, na zikikosekana basi la usiku huzileta kutoka Kariakoo au Gerezani. Spea za Escudo zipo, lakini mara nyingi ni za kuagiza Dar es Salaam, na fundi anayeujua mfumo wake wa difu ya mbele si kila gereji anapatikana. Hata wakati wa kuuza, RAV4 hupata mteja mapema. Mwenye kutarajia kubadilisha gari baada ya miaka mitatu alitie hilo kwenye hesabu.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Kosa kubwa linalowakuta wanunuzi wa RAV4 ni kununua gari la magurudumu mawili wakidhani ni la manne. Japan iliuza RAV4 za lita 1.8 zinazovuta kwa magurudumu ya mbele tu, na kwa nje zinafanana na nyingine. Tiba ni kusoma namba ya chesisi. Inayoanza na ZCA25 au ZCA26 ni ya magurudumu mawili. Inayoanza na ACA20 au ACA21 ni ya manne. Kwa toleo la tatu, ACA31 ni ya manne na ACA36 ni ya mawili. Kwa asiyeamini karatasi, alale chini ya gari: akiona shafti ndefu na difu nyuma, ni ya manne.

Kwa Escudo, TL52 ni lita mbili ya toleo la pili, TD54 ni lita mbili ya toleo la tatu, na TD94 ni ile ya 2.7 yenye silinda sita, ambayo ni tamu kuendesha na chungu kituoni. Wakati wa kuijaribu usiishie kuizungusha mjini. Tafuta uwanja wa mchanga, simama, weka gia nzito, tembea mbele na nyuma, kisha itoe. Ikigoma kuingia, au taa yake ikiwaka na kuzima, basi kile unacholipia hakipo.

Kwa magari yote mawili, yapo mambo mengine ya kuangalia:

Kwanza, kutu chini ya chesisi. Baadhi ya magari hutoka mikoa ya Japan yenye theluji ambako barabara humwagwa chumvi.

Pili, mipira ya viungo vya ekseli. Ikipasuka, vumbi la Dodoma huingia na kiungo hufa kwa muda mfupi.

Tatu, chujio cha hewa na rejeta. Gari lililotumika vijijini bila matunzo hujisema lenyewe hapo.

Nne, herufi za namba. Wengi hujivunia gari la namba D au E, lakini herufi huonyesha lini gari lilisajiliwa nchini, si lini lilitengenezwa. Gari la mwaka 2002 laweza kuvaa namba mpya kabisa.

Tano, nyaraka. Hakikisha kadi si dhamana ya mkopo benki, angalia deni la faini za barabarani, na badilisha umiliki TRA kabla ya kumaliza malipo yote.

Mwisho, tairi. Gari la magurudumu manne lenye tairi zilizokwisha ni gari la magurudumu sifuri. Seti ya tairi nzuri zenye meno makubwa inaweza kuifikisha RAV4 mahali ambapo Escudo yenye vipara itakwama.

Funzo la Kongwa

Uwanda huu una kumbukumbu ya gharama ya kununua mitambo kabla ya kuupima udongo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga pale Kongwa. Yaliletwa matrekta mengi, mengine yakiwa yametokana na vifaru vya vita. Wakati wa kiangazi udongo uligeuka mgumu kama tofali, majembe yakalika, mashine zikaharibika, na mvua nayo haikutosha. Mradi ulifutwa mwaka 1951 ukiwa umemeza zaidi ya pauni milioni 30. Mashine nyingi zilikuwa na nguvu. Hazikuchaguliwa kwa ajili ya mahali pale.

Bwana na bibi wa mfano wetu hawana pauni milioni 30. Wana Sh15 milioni, na nusu yake si yao. Kwao ushauri ni mmoja: kabla ya kwenda kwa muuzaji, wachukue daftari na kuandika msimu mmoja wa mvua, safari kwa safari, siku walizofika shambani kwa gari la kawaida na siku walizoshindwa. Siku za kushindwa zikipungua 13, mke achague rangi ya RAV4. Zikizidi 14, mume achukue Escudo na asinung'unike kituo cha mafuta. Na kama hawana muda wa kusubiri msimu mzima, waulize mwendesha trekta wa kijijini. Yeye anajua ni magari mangapi aliyavuta mwaka jana, na yalikuwa ya aina gani.